Kituo kilichopotea: kusoma upya maelezo ya forward-line

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi katika ofisi yetu ya Ngong Road alinijia na faili ya majina ya vituo vya matatu, Kencom, Ngara na Pangani, kila jina kwenye mstari wake. Alikuwa ameandika programu fupi ya Emacs Lisp, lugha ya kihariri cha maandishi cha Emacs, ya kuweka nyota mwanzoni mwa kila mstari. "Mkuu, programu imekula Pangani," akasema. Kencom na Ngara zilikuwa na nyota zao, lakini mstari wa tatu haukuwepo kabisa.

Alianza kwa kuweka nyota kwenye mstari wa kwanza, kisha akaingia katika kitanzi hiki, ambamo forward-line husogeza kishale mstari mmoja mbele, zerop huuliza kama jibu lake ni sifuri, na insert huandika nyota:

(while (zerop (forward-line 1)) (insert "* "))

Kwa ufahamu wake, maadamu forward-line inarudisha sifuri, kishale kimefika mwanzo wa mstari unaofuata, na ni salama kuweka nyota pale. Faili alizozizoea zilimalizika kwa alama ya mstari mpya, na kila mara ilibaki nyota moja yatima kwenye mstari mtupu wa nne. Hakuuliza nyota hiyo imetoka wapi, bali aliongeza amri ya kufuta mstari wa mwisho, na mambo yakamwendea vyema. Siku hiyo faili ilitoka kwenye mashine nyingine, ambayo haikuwa imeweka alama ya mstari mpya baada ya Pangani. Kishale kilikwenda hadi mwisho wa neno Pangani, fankisheni ikarudisha sifuri vilevile, mstari ukawa "* Pangani* ", na ile amri ya kufuta ikaufagia wote.

Nilimwomba abonyeze C-h f (Ctrl pamoja na h, kisha f) ili tusome pamoja maelezo ya fankisheni hiyo, kwa sababu Emacs hubeba maelezo ya kila fankisheni ndani yake, na msomaji halazimiki kutoka nje ya kihariri kuyatafuta. Sehemu ya kwanza haina utata: fankisheni husogeza kishale mbele kwa mistari N, au nyuma ikiwa N ni hasi, na nafasi isipotosha huenda hadi inapowezekana bila kutoa kosa. Baada ya hapo yanasema kwamba hurudisha hesabu ya mistari iliyosalia kusogezwa. Kwa Kiingereza neno lililotumika hapo ni "left", na kijana akaniuliza kwa nini mistari iende kushoto. Nilicheka, lakini swali lake halikuwa la kipuuzi. Msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, hukwama penye maneno ambayo mwandishi hakuyafikiria hata kidogo.

Kiini cha tatizo kilikuwa kwenye ile sentensi inayoanza kwa kutaja kwamba kuna hali ya pekee. Kwa muda mrefu ilisema tu kwamba, N ikiwa chanya, mstari wa mwisho usio mtupu huhesabiwa kuwa mstari mmoja uliovukwa, kwa upande wa thamani inayorudishwa. Sentensi hiyo ni ya kweli tupu, wala haina kosa la sarufi. Hata hivyo inazungumzia hesabu peke yake na kunyamaza kuhusu kishale, ilhali anayeandika kitanzi anataka kujua zaidi kishale kimeachwa wapi. Matoleo ya karibuni yameongeza sentensi inayosema waziwazi kwamba kishale hupelekwa mwisho wa mstari huo na mstari wenyewe kuhesabiwa kuwa umevukwa, ingawa hakuna mstari unaofuata ambao mwanzo wake ungefikiwa. Kwangu mimi huo ndio ufafanuzi unaostahili jina hilo: fankisheni haikuguswa, na sentensi ya zamani haikuwa ya uongo, lakini swali lililokuwa likimwangusha msomaji sasa limejibiwa.

Sababu ya hali hiyo ya pekee inaonekana ukifanya jaribio dogo. Chukua faili ya mistari mitatu, simama mwanzoni kabisa, kisha uombe kusogea mistari 5. Jibu ni 2, faili iwe na alama ya mstari mpya mwishoni au isiwe nayo. Bila kanuni hiyo, faili isiyo na alama ingetoa 3, na hesabu ya mistari ingebadilika kwa sababu ya herufi moja isiyoonekana. Kumbe hali ya pekee imewekwa ili kulinda hesabu, na gharama yake ni kwamba sifuri haithibitishi tena kuwa uko mwanzoni mwa mstari. Ningependa sababu hiyo itajwe, ingawa mahali pake pengine ni katika kitabu cha mwongozo, ambako kuna nafasi ya mifano.

Anayetaka kurekebisha maelezo ya aina hii asianze na lugha. Aanze na msimbo wenyewe, ambao kwa forward-line umeandikwa kwa lugha ya C katika faili ya src/cmds.c, kisha aijaribu fankisheni ndani ya emacs -Q ili mipangilio yake binafsi isimpotoshe. Nimewahi kuona maelezo yaliyopigwa pasi yakapendeza huku maana yake ikiwa imehama. Hatari nyingine ni kuandika kila tabia uliyoishuhudia, kwani maelezo ni ahadi, na jambo lililotokea kwa bahati ya utekelezaji wa leo halifai kuahidiwa. Maelezo ya delete, fankisheni ya kuondoa kipengele kwenye orodha, yanalishughulikia hilo kwa ustadi. Badala ya kusimulia kinachotukia ndani ya orodha, yanamwelekeza msomaji aandike (setq foo (delete element foo)) ili awe na hakika. Anayetii hatapata shida hata kipengele kinachoondolewa kikiwa cha kwanza, mahali ambapo wengi hunaswa.

Taratibu nyingine ni nyepesi. Mstari wa kwanza uwe sentensi kamili isiyozidi herufi 74, kwa sababu apropos, amri ya kutafuta fankisheni kwa neno, huonyesha mstari huo pekee, majina ya vigezo yaandikwe kwa herufi kubwa, na kitenzi kiwe cha kuamuru. Amri ya checkdoc, inayokagua maelezo, itakukumbusha mengi ya hayo. Mabadiliko madogo, yasiyozidi takriban mistari 15, hayahitaji hati za kukabidhi hakimiliki kwa Free Software Foundation, shirika lenye hakimiliki ya Emacs, na marekebisho ya maelezo huhesabiwa kuwa salama hata katika tawi la msimbo linaloandaliwa kutolewa kama toleo jipya.

Kitanzi cha kijana tulikiandika upya hivi:

(while (not (eobp)) (insert "* ") (forward-line 1))

Sasa kinachouliza kama tumefika mwisho wa bafa, yaani maandishi yaliyofunguliwa katika Emacs, ni eobp, nyota huwekwa kabla ya kusogea, na thamani ya forward-line haitazamwi kabisa. Tuliiendesha kwenye faili zote mbili, yenye alama ya mwisho na isiyo nayo, na kila moja ikatoa nyota tatu. Ile amri ya kufuta mstari wa mwisho aliiondoa mwenyewe.