Dawa ya kutoa shaba kwenye mtutu wa bunduki imekurukia jichoni? Osha sasa hivi, usingoje asubuhi

Nahudumia wagonjwa wa macho, na kuna kitu nakiona kinajirudia hadi nimechoka kunyamaza. Mtu anakuja kesho yake, jicho limevimba, vidole bado vina rangi ya bluu, namuuliza uliosha kwa muda gani, ananiambia "nilinawa uso kidogo nikalala". Jamani.

Hii dawa ni kitu gani hasa?
Risasi nyingi zimevikwa shaba kwa nje, zikipita zinaacha utando ndani ya mtutu. Dawa nyingi za kuutoa huo utando zina amonia, inayeyusha shaba, ndo maana kitambaa kinatoka cha bluu. Zipo zisizo na amonia, soma lebo. Ila usiichukulie kama mafuta ya bunduki, hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa inafikaje jichoni na mi nasafisha ndani ya mtutu?
Brashi. Ukiisukuma mpaka ikatokeza mdomoni mwa mtutu, zile nywele zilizokuwa zimebanwa zinafyatuka zote kwa pamoja na kurusha vitone vidogo sana, na we hapo umeinama unaangalia kama imetoka. Vaa miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni, ya kusomea haikusaidii. Na kabla ya yote toa magazini, hakikisha chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) ni tupu, angalia kwa macho na upapase kwa kidole.

Ikiruka jichoni nifanye nini?
Maji, hapohapo. Usianze kutafuta gari wala kumpigia mtu simu, maji kwanza. Fungua bomba yatiririke taratibu, shikilia kope kwa vidole lisifumbe, zungusha jicho juu chini kushoto kulia, kama umevaa lenzi ya jichoni itoe, na uoshe dakika 20 hadi 30 kwa kuangalia saa maana zile dakika 2 ukiwa na maumivu unaziona kama 20. Ukimaliza nenda hospitali muda huohuo, na chupa ya dawa uibebe.

Nikitia maziwa, au siki ili kuua ukali wake?
Hapana! Wala matone yaliyobaki ya mtu mwingine. Maji tu.

Lakini maumivu yameshapungua, si ina maana linapona?
Hapana, na hapa ndo watu wanapoteza macho. Amonia haibaki juu juu kama asidi nyingi zinavyofanya, inapenya, inaendelea kuingia ndani ya jicho wakati we umekaa unasubiri. Ikiunguza mishipa ya fahamu ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, jicho linaacha kuuma, kwa hiyo kutulia kwa maumivu kunaweza kuwa dalili mbaya kabisa. Hata jicho kuwa jeupe badala ya jekundu sio nafuu, pengine mishipa ya damu imeshaungua. Narudia, hata kama haliumi tena, osha, nenda leo.

Glavu ni lazima?
Ndio, za nitraili. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujala kitu, kwani ule uchafu mweusi wa mtutu una madini ya risasi (lead) pia, ni sumu, hasa kwa watoto. Dawa ibaki kwenye chupa yake, usiimimine kwenye chupa ya soda, tafadhali sana.

Harufu yake inanikaba, nafungua dirisha tu?
Kasafishie nje kama unaweza, au milango na madirisha yote wazi. Na usiichanganye kamwe na jiki, inatoa gesi inayounguza mapafu. Ukivuta nyingi toka nje uende penye hewa safi, ukiona kikohozi hakikatiki, kifua kinabana au sauti imebadilika nenda hospitali, na hali inaweza kuzidi masaa kadhaa baadaye, kwa hiyo ikikuanza saa nane usiku ondoka saa nane hiyohiyo.