Kitako cha ganda, namba ya toleo na daftari la muuzaji

Ligeuze ganda la risasi uangalie kitako chake. Katikati kuna kiduara kidogo, hicho ndicho kiwashio, na juu yake kishimo kilichochomwa na pini ya bunduki. Kuzunguka kiwashio kuna herufi na tarakimu zilizogongwa kiwandani. Watu wakisikia kwamba polisi wameokota maganda hufikiria kile kishimo, maana ndicho kinacholinganishwa na bunduki maabara. Sawa, lakini ulinganisho huo unahitaji bunduki, au ganda jingine kutoka tukio jingine. Siku ya kwanza mara nyingi huna hata kimoja. Ulicho nacho ni zile herufi, na swali lake ni la kibiashara kabisa: risasi hii aliuziwa nani?

Anza na namna ya kuliokota. Usitumie koleo la chuma kwenye kitako, kwa sababu mkwaruzo wako utafanana na alama za bunduki. Tumia koleo lenye ncha za plastiki, au ingiza kijiti laini mdomoni mwa ganda. Kila ganda liingie kwenye bahasha yake ya karatasi. Ukiyachanganya kwenye mfuko mmoja yatagongana na kukwaruzana. Namba ya kielelezo iandikwe kwenye bahasha, kamwe isichorwe kwenye kitako. Piga picha kwa taa iliyolazwa ubavuni, kwa sababu mwanga wa moja kwa moja unazima maandishi yaliyogongwa kwa kina kidogo.

Risasi za kivita za mtindo wa Kisovieti zinasomeka kirahisi: juu namba ya kiwanda, chini mwaka. Ganda la AK lenye 60 juu na 75 chini lilitengenezwa mwaka 1975 katika kiwanda cha Frunze, mji ambao leo unaitwa Bishkek. 17 ni Barnaul, 270 ni Luhansk, 539 ni Tula. Umejua kiwanda, umejua mwaka, na hapo umekwama, kwa sababu kiwanda cha aina hiyo kinatoa mamilioni ya risasi kwa mwaka mmoja. Namba ya toleo, yaani ile ambayo ingekuonyesha shehena, iliandikwa kwenye kopo la bati na kasha la mbao, na kasha lenyewe lilishageuka kuni zamani.

Risasi za dukani ni kimya zaidi. Ganda la bastola ya milimita 9 lina jina la kiwanda na kaliba (kipimo cha unene wa risasi) tu, aghalabu hata mwaka hakuna. Namba ya toleo iko kwenye boksi la karatasi la risasi 50. Ni kama vidonge: namba ya toleo iko kwenye boksi na kwenye karatasi yake, lakini kidonge kimoja ulichokiokota sakafuni hakikwambii kilinunuliwa duka gani.

Brazili walijaribu kuziba pengo hilo. Sheria yao ya silaha ya Desemba 2003, namba 10.826, inataka kila boksi la risasi linalouzwa liwe na msimbo unaomtambulisha mtengenezaji na mnunuzi. Kwa risasi zinazonunuliwa na vyombo vya dola inakwenda mbali zaidi: namba ya toleo igongwe kwenye kitako chenyewe. Kanuni zikaweka kikomo cha risasi 10,000 kwa toleo moja. Kikomo hicho ndicho roho ya mpango mzima, ingawa magazeti huwa yanakipita bila kukiona.

Angalia kinavyofanya kazi. Usiku wa 11 Agosti 2011, jaji Patrícia Acioli aliuawa kwa risasi 21 mlangoni kwake Niterói, ng'ambo ya ghuba kutoka Rio de Janeiro. Alikuwa akisikiliza kesi za askari waliotuhumiwa kuua raia. Maganda ya kaliba .40 yalikuwa na namba ya toleo, na toleo hilo lilikuwa limeuzwa kwa Polisi ya Kijeshi ya Rio (licha ya jina, ndiyo polisi ya doria ya kila siku huko), sehemu yake ikapelekwa kikosi cha São Gonçalo, mji uleule alikofanyia kazi jaji. Namba haikutaja muuaji. Ilichofanya ni kupunguza orodha, kutoka watu wote wa Rio hadi watu wenye kufikia ghala moja. Kumbukumbu za simu zikaongezwa juu yake, na mwishowe askari 11 walihukumiwa, akiwemo aliyekuwa kamanda wa kikosi hicho.

Sasa angalia kinavyoshindwa. Diwani Marielle Franco na dereva wake Anderson Gomes waliuawa Rio tarehe 14 Machi 2018. Maganda ya milimita 9 yalisomeka UZZ-18, toleo lililouzwa kwa Polisi ya Shirikisho, Brasília, Desemba 2006. Namba ilisomeka vizuri na mnunuzi alijulikana mara moja, lakini haikufika popote. Risasi za toleo hilohilo zilikuwa zimeshaonekana katika mauaji ya Osasco na Barueri, jimbo la São Paulo, Agosti 2015. Sababu ni hesabu tu: toleo hilo lilikuwa na risasi zaidi ya milioni 1, badala ya 10,000, na zilikuwa zimesambaa kwa zaidi ya miaka 10. Waliotekeleza mauaji, askari wawili wa zamani, mmoja akifyatua na mwingine akiendesha gari, walipatikana kwa njia nyingine, yaani picha za kamera za barabarani na data za simu, wakahukumiwa Oktoba 2024.

Piga hesabu kwa maboksi. Risasi 10,000 ni maboksi 200. Mpelelezi anaweza kuuliza juu ya maboksi 200, sahihi baada ya sahihi, ndani ya wiki moja. Risasi milioni 1 ni maboksi 20,000, na hapo namba ya toleo imebaki pambo. Kwa hiyo nikisikia nchi imetangaza kwamba risasi zake zina alama, swali langu la kwanza ni toleo moja lina risasi ngapi, na la pili ni kama toleo moja huwa linagawanywa kwa mnunuzi zaidi ya mmoja.

Upande wa maduka, Marekani ina funzo la aina nyingine. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 iliwataka wauzaji waandike kila mauzo ya risasi daftarini. Mwaka 1986 sharti hilo likafutwa, na kusema kweli sioni kwamba kilipotea kikubwa, kwa sababu daftari lilikaa kwenye droo ya duka na halikufika kwa mtu wa kulisoma. Jiji la Los Angeles likawa na daftari lake lenye kitambulisho na alama ya dole gumba. Watafiti walipochukua mauzo ya Aprili na Mei 2004 na kuyalinganisha na rekodi za makosa, walikuta wanunuzi waliokatazwa kumiliki silaha ni chini ya 3 katika kila wanunuzi 100. Ni wachache, lakini kwa miezi hiyo miwili tu waliondoka na risasi zaidi ya 10,000, na walikuwa wameacha majina yao na madole gumba yao kaunta.

Hapo daftari la duka linatenda kazi tofauti na watu wanavyodhani. Haliunganishi ganda na mnunuzi, haliwezi, kwa sababu ganda la dukani halina toleo. Linaunganisha mtu na bunduki ambayo hakupaswa kuwa nayo. Mtu aliyekatazwa silaha hanunui maboksi mawili ya milimita 9 ili ayatazame. Thamani ya habari hiyo inaoza upesi, hivyo ikisomwa baada ya miezi sita ni historia.

California iliamua kumkagua mnunuzi kabla hajalipa, kuanzia 1 Julai 2019. Miezi ya mwanzo takriban 16 katika kila wanunuzi 100 walikataliwa, na wengi mno hawakuwa wahalifu: anwani ya kwenye leseni ya udereva haikulingana na anwani ya kwenye rekodi ya bunduki, au jina liliandikwa tofauti. Ukitaka kujenga mfumo kama huu, anza kwa kusafisha rejista ya wamiliki, vinginevyo utazuia wawindaji na kumwachia mhalifu anayemtuma shemeji yake mwenye rekodi safi.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo kubwa haliko kaunta ya duka. Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilichapisha uchunguzi wa risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria Turkana Kaskazini. Njia yao ilikuwa rahisi: kusoma vitako. Walikuta risasi za 7.62×51, za bunduki ya G3, zilizotoka kiwanda cha serikali cha Eldoret, na wakakadiria kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka eneo hilo zilitoka kwa polisi. Kwa polisi wa akiba waliokuwa wakilinda mifugo, risasi ziligawiwa na matumizi yake hayakufuatiliwa ipasavyo. Na usitegemee sana mikataba: Itifaki ya Nairobi ya 2004, ya kudhibiti silaha ndogo, ina nguvu kwenye alama za bunduki, na utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa 2005 wa kufuatilia silaha ndogo uliziacha risasi nje kabisa.

Kwa hiyo kazi inaangukia daftari la ghala. Safu zinazohitajika ni hizi: tarehe, kaliba, namba ya toleo kama ilivyo kwenye boksi, idadi iliyotoka, namba ya bunduki, sahihi ya mpokeaji, idadi iliyorudi, na maganda yaliyorudi. Ghala nyingi zinaandika idadi na sahihi tu. Bila toleo, daftari haliwezi kuzungumza na ganda la eneo la tukio.

Pa kuvujia ni mazoezi ya shabaha. Zinatoka risasi 500, zinafyatuliwa 380, zinaandikwa 500. Ndiyo maana maganda lazima yarudi. Huna haja ya kuyahesabu moja moja: ganda tupu la shaba nyeupe la milimita 9 lina takriban gramu 4, hivyo 500 ni karibu kilo 2. Pima 100 kwanza kwa mizani ileile upate uzito wa toleo lako, kisha pima rundo zima. Likipungua gramu 400, risasi kama 100 hazikufyatuliwa, au zilifyatuliwa kwingine.

Wajanja hulijaza pengo kwa maganda ya zamani yaliyookotwa uwanjani. Kwa hiyo baada ya kupima, chota maganda 30 bila kuchagua, uyageuze. Kitako chenye kiwanda au mwaka tofauti na wa boksi lililotoka asubuhi hakikufyatuliwa siku hiyo. Angalia pia rangi: ganda la leo bado linang'aa na linanuka baruti, la mwezi uliopita limeshafifia na lina mchanga mdomoni.