Oktoba 1582: siku kumi ambazo hazikuibwa na mtu

Kila baada ya miezi kadhaa picha ile ile hurudi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Ni kalenda ya simu, Oktoba 1582: tarehe 1, 2, 3, 4, halafu 15. Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa, “HAWATAKI UJUE.” Safari hii aliyeituma ni mjomba, na mjomba hasahihishwi mbele ya watu. Kwa hiyo naandika hapa.

Picha yenyewe si ya kughushi. Fungua kalenda ya iPhone, rudi nyuma hadi mwaka huo, utaliona pengo. Programu nyingine hazilionyeshi kwa sababu hesabu ya leo imerudishwa nyuma moja kwa moja bila kukatizwa. Uongo umo kwenye maneno yanayosafiri na picha.

“Papa alifuta siku kumi za maisha ya watu”

Kalenda ilipobadilishwa kwa amri ya Papa, watu wa Roma, Madrid na Lisbon walilala Alhamisi, tarehe 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa, tarehe 15. Alhamisi, kisha Ijumaa. Kilichorukwa ni namba tu; juma halikuguswa.

Ukitaka kuhakikisha, tazama jambo hili ukiwa pwani yetu. Ukipiga hesabu ya Hijria, usiku ule ulikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 990. Lamu, Malindi, Mombasa, Kilwa, watu walifuturu Alhamisi jioni, wakala daku, na mchana wake wakaenda kuswali Ijumaa. Na Roma nako ilikuwa Ijumaa. Laiti siku kumi zingefutwa kwelikweli, leo msikiti na kanisa visingekubaliana Ijumaa ni lini, maana kumi haigawanyiki kwa saba. Hatujawahi kusikia ugomvi huo.

Kuna jambo lingine ambalo wenye kusambaza picha hawalitaji kamwe. Hati ya Papa Gregori XIII ya tarehe 24 Februari 1582 iliwafikiria wenye madeni. Iliagiza kwamba pale malipo ya mwezi au ya mwaka yanapokuwa na tarehe, mahakimu waongeze siku kumi ili mtu asidaiwe mapema. Hata mwezi haukuchaguliwa ovyo: tarehe 4 ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na siku zinazofuata zilikuwa na sikukuu chache za kuhamishwa.

Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki huko Alba de Tormes usiku ule wa tarehe 4. Akazikwa kesho yake, yaani tarehe 15. Anayesoma tarehe hizo bila kujua kisa atadhani maiti ilikaa siku kumi na moja ndani ya nyumba.

Kwa nini kumi, na si saba au kumi na mbili

Hapa ndipo penye utamu wa habari nzima. Kalenda iliyowekwa na Julius Caesar ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo. Jua lenyewe hutumia pungufu kidogo: kama dakika 11 hivi kwa mwaka. Dakika 11 ni nini? Si kitu, mpaka ziachwe zijilimbikize. Kila baada ya miaka 128 hivi zinatimia siku nzima.

Kanisa lilijali kwa sababu ya Pasaka. Hesabu ya Pasaka ilishikilia kwamba siku ya majira ya kuchipua ambapo mchana na usiku hulingana ni tarehe 21 Machi, kama ilivyokuwa karibu na wakati wa Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325. Kufikia 1582 jua lilikuwa likifika hapo tarehe 11 Machi. Kalenda inasema hivi, mbingu zinasema vile. Tofauti yake ni kumi, basi zikarukwa kumi. Angalia kwamba hawakurudi hadi zama za Caesar. Walirudi Nisea tu, kwa sababu tatizo lao lilikuwa Pasaka.

Lakini kuruka kulikuwa sehemu rahisi. Kazi ilikuwa kuzuia kosa lisijirudie. Kanuni mpya ni fupi: mwaka unaogawanyika kwa nne ni mwaka mrefu wenye Februari ya siku 29, isipokuwa mwaka wa kufunga karne usiogawanyika kwa 400. Ndiyo maana 1700, 1800 na 1900 haikuwa mirefu, na 2000 ulikuwa mrefu. Katika kila miaka 400 miaka mirefu ni 97 badala ya 100. Hiyo tu.

Na aliyeibuni si Papa, ingawa jina lake ndilo lililoganda. Msingi wa hesabu ulitoka kwa Luigi Lilio, tabibu kutoka Calabria, kusini mwa Italia. Alifariki mwaka 1576, miaka sita kabla ya kazi yake kuanza kutumika. Ndugu yake Antonio ndiye aliyeipeleka Roma. Aliyeitetea na kuieleza kwa miaka iliyofuata ni Mjesuiti (mtawa wa Shirika la Yesu) Mjerumani, Christopher Clavius. Mjomba akitaka wa kumlaumu, aanze na daktari wa kijijini.

“Tangu siku hiyo dunia nzima ikawa na tarehe moja”

Kinyume chake: ndipo mvurugiko ulipoanza. Oktoba ile walibadilika Uhispania, Ureno, sehemu kubwa ya Italia, na Poland. Ufaransa ilingoja hadi Desemba, ikaruka kutoka tarehe 9 hadi 20. Ng’ambo, habari zilitegemea merikebu, na makoloni ya Uhispania ya Amerika yakachelewa mwaka mzima au zaidi. Nchi nyingi za Waprotestanti zilikataa, si kwa sababu ya hesabu bali kwa sababu ya aliyeitangaza. Uingereza ilikubali mwaka 1752, Urusi 1918, Ugiriki 1923. Ndiyo sababu “Mapinduzi ya Oktoba” ya Warusi yaliadhimishwa Novemba.

Kwa hiyo swali “Je, tarehe 10 Oktoba 1582 ilikuwepo?” lina majibu mawili. Madrid, haikuwepo. London, ilikuwepo, na ilikuwa Jumatano.

Na pwani ya Waswahili? Hapa watu walikuwa na hesabu zao mbili zilizotosha. Ya mwezi, kwa ibada. Na ya jua, mwaka wa Nairuzi, kwa kilimo na safari za baharini: siku 365 zilizopangwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mwaka huo hauna siku ya nyongeza kila miaka minne, kwa hiyo ukiuacha ujiendee unarudi nyuma kidogo kidogo dhidi ya jua. Anayekwenda Makunduchi, Unguja, kuona Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huo, anaitazama hesabu hiyo ikiwa hai. Nani aliwahi kusema Wamakunduchi wanaiba robo siku kila mwaka?

“Waingereza waliandamana wakidai warudishiwe siku zao 11”

Uingereza iliruka 11 badala ya kumi kwa sababu, kwa kungoja, iliuhesabu 1700 kuwa mwaka mrefu. Tofauti ikakua kwa siku moja. Maandamano yenyewe yanasimuliwa kila mahali, ila msingi wake ni mchoro wa kejeli wa William Hogarth wa mwaka 1755 juu ya uchaguzi, ambamo kuna bango linalosema “Turudishieni siku zetu kumi na moja.” Bango la kuchorwa limegeuka ghasia za kweli. Anayetafuta ghasia zilizotokea aende Augsburg, Ujerumani, mwaka 1584, mji wa Wakatoliki na Waprotestanti ambao kalenda iliugawa hadi watu wakaingia barabarani.

Mkanganyiko huo ndio uliozaa pia hadithi tamu kwamba Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja, tarehe 23 Aprili 1616. Kalenda zao hazikuwa moja. Tarehe 23 ya London ilikuwa tarehe 3 Mei huko Madrid, na Cervantes kwa kweli alifariki tarehe 22, akazikwa 23. Waliachana kwa zaidi ya juma.

Ile ya Sikukuu ya Wajinga, kwamba ilianza kwa kuwacheka waliokataa kalenda mpya, haisimami: utani wa Aprili mosi umo katika shairi la Kiflandri la mwaka 1561. Wala Januari mosi si zawadi ya Gregori. Ufaransa iliamua kuanza mwaka Januari kwa amri ya 1564.

“Mwaka huo huo samurai Mwafrika alikufa pamoja na bwana wake”

Hii huja kwenye majibu ya picha, sijui kwa nini, labda kwa kuwa mwaka ni ule ule. Yasuke alifika Japani pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano, na mwaka 1581 mtawala Oda Nobunaga akamchukua katika utumishi wake, baada ya kumsugua ngozi aone kama rangi itatoka. Mwaka 1582 Nobunaga alisalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide, akajiua katika hekalu la Honnoji mjini Kyoto. Yasuke hakufa pale. Alipigana, akakamatwa, na Mitsuhide akaamuru apelekwe kwa Wajesuiti. Mjesuiti Mfaransa aliyeandika mwaka 1627 alimtaja kuwa mtu wa Msumbiji. Wanaomwita Mmakonde au Mswahili wanakisia.

Na tarehe ya tukio? Wajapani waliandika siku ya pili ya mwezi wa sita, mwaka wa kumi wa Tensho. Vitabu vyetu huandika tarehe 21 Juni, kwa kalenda ya Caesar. Ukiibadilisha kwa kalenda ya Gregori, ambayo Juni ile ilikuwa bado haijaanza kutumika popote, unapata tarehe 1 Julai. Zote tatu ni sahihi.

Pengo kati ya kalenda ya Caesar na ya Gregori bado linakua. Waethiopia husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari kwa sababu wameshika utaratibu wa kuongeza siku kila miaka minne bila kuruka karne, na tofauti sasa imefika siku 13. Mwaka 2100 hautakuwa mrefu kwetu. Kwao siku itaongezwa kama kawaida. Kuanzia Januari 2101, Krismasi ya Addis Ababa itaangukia tarehe 8.