Kiambatisho cha barua pepe hukaa wapi?

Ukiona kialama cha kibanio kando ya barua pepe, ni rahisi kudhani kuna faili lililowekwa pembeni, kama karatasi iliyobanwa nyuma ya barua. Sivyo. Kiambatisho kimo ndani ya barua yenyewe, kimeandikwa kwa herufi.

Barua pepe ilibuniwa ibebe maandishi matupu. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME, tunazozitumia hadi leo: barua hugawanywa vipande, kila kipande na maelezo yake, na faili hugeuzwa kuwa herufi za kawaida. Njia iliyozoeleka ni Base64, ambapo kila baiti 3 huwa herufi 4. Ukiwa kwenye Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, fungua barua yenye PDF kisha bonyeza Ctrl+U. Utakuta mistari chungu nzima isiyosomeka, wa kwanza ukianza na JVBERi0. Hiyo ndiyo PDF yako.

Ndiyo maana barua huwa nzito kuliko faili lililotumwa. Kikomo kikiwa MB 25 kwa barua nzima, faili la MB 20 halipiti, kwa kuwa likishageuzwa linakaribia MB 27.

Kwenye kompyuta, Thunderbird kwa kawaida huhifadhi folda nzima ya barua katika faili moja refu, barua baada ya barua, viambatisho vikiwa humo humo. Ukifuta barua huwekewa alama tu; nafasi hairudi mpaka folda ibanwe upya. Eudora, programu ya zamani ya barua pepe, ilifanya kinyume: iling'oa kiambatisho na kukiweka kwenye folda yake, barua ikabaki na anwani ya faili tu. Ukihamisha folda ile, barua haikioni tena kiambatisho chake.

Linalowaumiza wengi ni hili. Ukibofya kiambatisho cha Word kikafunguka, unachokiona ni nakala ya muda iliyotolewa kwenye barua. Mwenzangu mmoja alirekebisha mkataba saa tatu nzima, akibonyeza "hifadhi" kila mara. Kesho yake alifungua barua ile ile, akakuta mkataba uko kama ulivyotumwa, na nakala ya muda imeshafutwa. Nilimwonea huruma sana. Kwa hiyo hifadhi kiambatisho kwanza kwenye folda unayoijua, ndipo ukifungue kutoka huko na kuanza kuandika.