Je, wajua? Sauti nene unayoisikia kwenye simu haikupita kwenye waya

Mwanamume mwenye sauti nene akikupigia simu ya mezani, unamsikia na unene wake wote. Hakuna la ajabu hapo, mpaka uangalie kilichopita kwenye waya. Laini za simu za kizamani zilitengenezwa zibebe mitetemo ya takriban 300 hadi 3400 kwa sekunde. Nyuzi za sauti za mwanamume anayezungumza hutetema mara 100 au 120 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo huo hukatwa hata kabla ya safari kuanza. Wanawake nao hawakusalimika, maana wengi wako karibu na 200. Simu nyingi za siku hizi hubeba zaidi ya hapo, lakini vipaza sauti vyake vidogo bado vinashindwa kutoa besi ya maana.

Basi ile 100 umeisikia wapi?

Kwa muda mrefu nilidhani kusikia ni kama kinanda kinachopigwa kinyumenyume. Ndani ya sikio kuna koklea, kile kibomba kilichojiviringa kama kombe la konokono. Mlangoni mwake huitikia sauti nyembamba, na kilindini huitikia sauti nene. Gamba la kusikia, sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti, lililojikunja kila upande wa ubongo karibu na sikio, lina ramani yenye mpangilio huohuo. Nikahitimisha kwamba ubongo unaangalia tu kitufe kipi kimebonyezwa. Ramani ipo kweli. Hitimisho langu ndilo bovu. Hapa kitufe cha 100 hakijaguswa, na bado 100 inasikika.

Jibu limo katika kile kilichobaki. Uzi unaotetema mara 100 hautoi 100 peke yake. Hutoa pia 200, 300, 400 na kuendelea, sauti ndugu ziitwazo hamoniki. Simu imewakata wakubwa wawili, 100 na 200, ikawaacha wadogo. Sasa wafikirie watu watatu wanaopiga makofi. Wa kwanza anapiga mara tatu kwa sekunde, wa pili mara nne, wa tatu mara tano. Hakuna anayepiga mara moja kwa sekunde. Lakini kila sekunde inapotimia, makofi ya wote watatu yanagongana, na mgongano huo ndio sikio linaoushika kama pigo. Fanya hivyo kwa kasi ya mara mia, na 300, 400 na 500 zitakutana mara 100 kila sekunde. Kidatu unachosikia, yaani unene au wembamba wa sauti, ni cha makutano hayo.

Nilipolielewa hilo nikakimbilia kosa la pili, ambalo lilinipendeza zaidi kwa sababu lina hesabu: nikasema ubongo unatoa tu, 400 kutoa 300 ni 100. Kosa hili linaangushwa na jaribio moja dogo. Chukua mitetemo ya 1800, 2000 na 2200. Kidatu kinachosikika ni 200. Sasa iongeze yote 40, iwe 1840, 2040 na 2240. Tofauti bado ni 200 kamili. Kama ubongo ungekuwa unatoa, kidatu kisingesogea. Lakini kinapanda kidogo, hadi karibu 204.

Kwa nini 204? Fikiria ngazi iliyofunikwa chini, unaona vipandio vitatu tu vya juu. Unajua ngazi husimama sakafuni na vipandio vyake hulingana nafasi. Kwa hiyo hupimi pengo tu. Unatafuta ngazi ambayo, ikianzia sakafuni, itapita karibu na vyote ulivyoviona. Kwa nafasi ya 204, kipandio cha 9 kinaangukia 1836, cha 10 kinaangukia 2040 barabara, cha 11 kinaangukia 2244. Hakuna ngazi ya jirani inayokaa vizuri zaidi. Ubongo unakisia ngazi nzima kutokana na vipande.

Wanasayansi wakubwa nao walikosea, jambo lililonifariji. Miaka ya 1840 August Seebeck alibishana na Georg Ohm, yuleyule wa kanuni ya umeme, juu ya jambo hili. Baadaye Helmholtz akapendekeza kwamba sikio lenyewe, kwa kupotosha sauti kidogo, huutengeneza mtetemo uliokosekana. Sikio hupotosha kweli. Lakini mwaka 1954 mtafiti Licklider aliifunika sehemu ya mitetemo ya chini kwa kelele nene, ambayo ingeumeza mtetemo wowote uliozaliwa humo, na kidatu kikabaki. Mwaka 1972 Houtsma na Goldstein walipeleka hamoniki moja sikio la kulia na nyingine la kushoto. Wasikilizaji bado walitambua muziki. Masikio mawili hayana pa kukutania ila ndani ya kichwa.

Ndani wapi hasa? Mwaka 2005 Bendor na Wang waliripoti kwamba kwenye gamba la kusikia la marmoset, kima mdogo sana, kuna seli zinazoitikia kidatu kilekile, mtetemo wake wa msingi, yaani ule wa chini kabisa, uwepo au usiwepo. Kwa binadamu, wagonjwa walioondolewa sehemu ya gamba hilo upande wa kulia walipata shida hasa pale mtetemo wa msingi ulipofichwa. Picha za skana huelekeza kwenye ukingo wa nje wa mkunjo mmoja wa gamba hilo, uitwao mkunjo wa Heschl, ingawa si zote zinakubaliana, na kuiita sehemu hiyo “kituo cha kidatu” ni kuharakisha.

Mafundi wa vinanda vya mabomba vya makanisani hawakuhitaji skana. Bomba la noti nene sana lina futi 32, karibu mita 10, na ni ghali, tena jengo lenyewe huenda lisilimudu. Wao huweka bomba la futi 16 na jingine la futi 10 na theluthi mbili, wakayapuliza pamoja, nao ubongo hukisia noti ya futi 32. Matokeo hayafikii bomba halisi, lakini dari haibomolewi.