Je, maziwa husafisha kifua chenye vumbi?

Mjomba alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kupiga brashi singa za mkonge, nje kidogo ya mji wa Tanga. Jioni alirudi nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi, mkononi ana pakiti ya maziwa aliyopewa kazini. "Haya ndiyo yanayoosha kifua," alituambia, nasi tukashika hivyo. Mpaka ukubwani nilikuwa nikimpelekea maziwa fundi aliyekuwa akipiga randa uani kwetu, nikiamini ni dawa.

Maziwa hayafiki kwenye mapafu. Njia hugawanyika kooni: cha kumeza hushuka tumboni, pumzi huelekea kifuani. Tone moja likikosea njia, unapaliwa, na utakohoa mpaka litoke. Kama maziwa yangekuwa yanapita kifuani, kila bilauri ingetupalia. Ule unafuu anaousikia mtu ni wa koo lililolowa, na maji huuleta vilevile.

Anayesafisha ni utando uliotanda ndani ya njia za hewa. Seli zake nyingi zina vijinywele, viitwavyo silia, takriban 200 kwa kila seli. Juu yake umelala ute unaonata, na vumbi hunasa humo.

Fikiria jeneza linavyopelekwa makaburini kwetu pwani. Hakuna anayelibeba mwanzo hadi mwisho. Kila mtu anapokea, anasogeza, anampisha mwenzake, na jeneza linazidi kwenda. Silia hufanya hivyo kwa ute. Kijinywele husimama wima, husukuma ute kuelekea kooni, kisha hurudi kimejikunja chinichini kisije kikauvuta nyuma. Hupiga hivyo zaidi ya mara 10 kwa sekunde, na ute hupanda milimita kadhaa kwa dakika. Chini ya ute kuna tabaka jembamba la majimaji. Hilo likipungua, vijinywele hukosa nafasi ya kujikunja na msafara hukwama. Moshi wa sigara nao huvidhoofisha na kuviua, ndiyo maana mvutaji hubaki na kikohozi tu cha kupandisha makohozi.

Ute ukifika kooni, mara nyingi tunaumeza bila kujua. Kwa hiyo vumbi na maziwa hukutana kweli, lakini tumboni, kazi ikiwa imeshakwisha.

Hata silia zina mpaka. Vumbi laini kabisa hupita hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako hazipo. Huko seli walinzi hulimeza, lakini kuliondoa huchukua wiki au miezi, na lingine halitoki tena. Maziwa ni chakula kizuri, mpeni mfanyakazi. Linaloniuma ni pakiti ile kushika nafasi ya barakoa na feni ya kutoa vumbi.

Asubuhi mjomba alikuwa akitema makohozi ya kijivu karibu na mchongoma na kuyashukuru maziwa ya jana. Lilikuwa vumbi la chumba cha brashi, limepandishwa na silia zake usiku kucha yeye akiwa amelala.