Msalaba Mwekundu haumrudishi mtoto nyumbani

"Nimewapigia Msalaba Mwekundu tangu juzi, mbona mwanangu hajafika?"

Nimelijibu swali hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na siku hizi linakuja na lawama kabisa: eti Msalaba Mwekundu "umekataa kumwachia." Mama, hakuna aliyekataa. Uwezekano mkubwa ni kwamba bado hakuna aliyeombwa. Naandika kwa urefu leo ili kuanzia kesho niwe natuma kiungo tu.

Nazungumza na wenye watoto katika Jeshi la Wanamaji la Marekani, hasa familia ambazo Kiswahili ndicho cha nyumbani, ziwe zinaishi Texas au bado ziko Kigoma, Bukavu na Mombasa.

Msalaba Mwekundu wa Marekani unafanya mambo mawili: unahakikisha kwamba habari ya msiba au ugonjwa ni ya kweli, kisha unaipeleka kwa kikosi cha mtoto. Basi. Hauna mamlaka ya kutoa hata saa moja ya likizo. Ujumbe ukifika, kijana anaitwa na mkubwa wake, au kasisi wa jeshi, anaambiwa. Hapo ndipo yeye mwenyewe anaomba likizo ya dharura, na kamanda ndiye anayekubali au kukataa. Kijana asipoomba, ujumbe wenu umeishia kuwa habari tu. Na wapo wasioomba. Likizo ya dharura si zawadi. Inakatwa kwenye siku zake za kawaida, ambazo ni 30 kwa mwaka, yaani 2.5 kila mwezi. Aliyetimiza miezi minne kazini ana siku 10. Zikizidi, anakopa za mbele.

Kuhusu walio kwenye mafunzo ya kuruta nitapita haraka. Wote wanaanzia Great Lakes, Illinois, kaskazini ya Chicago, na tangu Januari 2025 mafunzo ni wiki 9. Simu ni za kuhesabu, kwa hiyo ukimya si dharura. Msiwasumbue watu wa Msalaba Mwekundu kwa sababu hajaandika barua. Kukiwa na dharura ya kweli, njia ni hiihii. Ila jueni kuwa kuruta akiruhusiwa kuondoka, akirudi huenda akapangwa divisheni, yaani kundi la mafunzo, iliyo nyuma ya ile aliyoanza nayo, na siku ya kuhitimu ikasogea. Msinunue tiketi za sherehe kwanza.

Sasa simu yenyewe. Namba ni 1-877-272-7337, usiku na mchana. Ukiwa nje ya Marekani namba za bure za namna hii mara nyingi hazipiti, basi tumieni programu yao ya simu inayoitwa Hero Care, au ndugu aliye Marekani apige. Watataka jina kamili la baharia, tarehe ya kuzaliwa, cheo, kikosi au meli yake, na namba ya Social Security, ile ya utambulisho wa Kimarekani, au sehemu yake ikiwa mnayo. Watawapa namba ya kesi. Iandikeni. Kila atakayepiga baadaye aitaje hiyo, la sivyo shangazi watatu wanafungua kesi tatu za mgonjwa mmoja, kila moja na jina lililoandikwa kivyake.

Majina ndiyo mtego wa kwanza. Jina linalotakiwa ni lile la kwenye kitambulisho chake cha jeshi, herufi kwa herufi, si lile mnalomwitia chakula. Kwa Wakongo ni balaa zaidi: mtu ana majina matatu, fomu ya Marekani ina nafasi ya jina moja la ukoo, na aliyejaza karatasi siku ya kwanza alichagua alilotaka. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Familia nyingi zilizopitia ukimbizi zina watoto watatu wote waliozaliwa tarehe 1 Januari. Sote tunajua ilivyokuwa. Lakini ukipiga simu taja tarehe ya kwenye karatasi, hata kama ile ya kweli unaikumbuka pamoja na mvua iliyokuwa inanyesha.

Hapa ndipo pananichosha: undugu. Ujumbe wa dharura unakusudiwa kwa watu wa karibu: mke au mume, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, babu na bibi, mjukuu, mlezi. Sasa sisi tuingie. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka, kwisha. Binamu ni neno la darasani. Mama mdogo ni mama. Baba mdogo ni baba, na ndiye aliyelipa ada. Unapiga simu unasema "baba yake amefariki," mkalimani anatafsiri sawasawa kabisa, ujumbe unafika melini, ofisa anafungua faili la kijana anakuta baba mzazi yuko hai na anwani yake ipo. Kwa macho ya ofisa huo ni uongo. Nanyi hamkudanganya hata kidogo, mmesema Kiswahili. Lakini anayebaki amesimama mbele ya meza akijieleza ni kijana, siku hiyohiyo aliyofiwa.

Tajeni undugu kwa njia ndefu: "mdogo wake baba yake mzazi, tumbo moja." Kama ni dada ya bibi, semeni dada ya bibi, msiseme bibi. Na kama huyo baba mdogo ndiye aliyemlea, hilo lisemwe kwa ukamilifu wake, kwa sababu Wamarekani wanalitambua. Wana hata msemo wa Kilatini, in loco parentis, wa mtu aliyesimama mahali pa mzazi. Msemo huo ninyi msiuhangaikie. Mnachotakiwa kutoa ni ukweli unaopimika: kijana aliishi kwake tangu darasa la pili hadi kidato cha nne, katika mji fulani, yeye ndiye aliyesaini fomu za shule, jina lake liko kwenye faili la familia la ukimbizi. Kiasi gani kinatosha? Hapo vitabu vinanyamaza na mimi siwezi kuwapa kipimo. Kamanda mmoja ataridhika na maelezo ya mdomo, mwingine atataka karatasi. Njia iliyo salama ni kijana kumweleza mkubwa wake kikosini habari za mlezi huyo mapema, watu wakiwa bado wazima. Ikielezwa kwa mara ya kwanza siku ya msiba inasikika kama imetungwa njiani.

Mtego wa tatu ni hospitali. Mhudumu wa Msalaba Mwekundu atatafuta daktari ili kuthibitisha: ugonjwa ni nini, hali inaelekea wapi, kuna matarajio ya kuishi au hakuna. Hospitali ya Marekani haitamwambia kitu bila idhini ya mgonjwa au msimamizi wake, kwa hiyo waambieni wodini mapema kwamba simu hiyo inakuja na mmeikubali. Hili peke yake linachelewesha kesi kuliko mambo mengine yote. Kwa hospitali za nyumbani tatizo ni jingine: namba ya mapokezi inaita hadi inakata. Tafuteni jina la daktari wa zamu, wodi, na namba ambayo mtu wa kweli anapokea.

Na lugha ya ugonjwa, jamani. "Hali si nzuri." "Yuko hoi." "Presha imepanda." Presha kwa Mmarekani ni kidonge kimoja asubuhi baada ya chai. Kama mama amepata kiharusi na yuko chumba cha wagonjwa mahututi, semeni kiharusi, semeni mahututi, semeni anapumua kwa mashine. Kama ni sukari na wanataka kukata mguu, mguu utajwe.

Saa nayo ina wahanga wake. Mtu wa Tabora akisema daktari anapatikana saa mbili asubuhi, anayeandika upande wa pili anaandika mbili kama ilivyo, na kwa hesabu yao hiyo ni saa nane usiku wetu. Simu inapigwa, anapokea mlinzi. Semeni nane asubuhi kwa saa ya kizungu, saa za Afrika Mashariki, ambazo zimeitangulia Chicago kwa saa 8 majira ya joto na 9 majira ya baridi.

Mazishi. Kwa Waislamu wa pwani, aliyefariki alfajiri huenda akazikwa baada ya alasiri. Baharia aliye Pasifiki hawezi kuwahi hilo, hata kamanda awe malaika. Basi kwa kuogopa kukataliwa watu wanasema "mazishi yanamsubiri," na siku ya tatu kijana mwenyewe anaona picha za kaburi mtandaoni, na mkubwa wake ameketi karibu. Msiseme hivyo. Semeni amezikwa, matanga yanaendelea, na kijana anahitajika kwa sababu hii na hii: mama amebaki peke yake, kuna wadogo, kuna mirathi. Sababu hizo kamanda anaweza kuzipima. Arobaini haina haja ya kuwa dharura. Inaombewa likizo ya kawaida kwa kuwa tarehe yake inajulikana. Bara, ambako mwili hukaa mochwari siku kadhaa, tajeni tarehe iliyopangwa, na msiibadilishe kila siku.

Tuseme kamanda amekubali. Bado kuna bahari. Kutoka kwenye manowari iliyo katikati ya maji ni helikopta hadi meli kubwa yenye kubeba ndege au hadi bandarini, kisha ndege, kisha ndege nyingine. Hali ya hewa mbaya inaahirisha. Siku kadhaa kupita ni jambo la kawaida, na siyo ishara ya dharau. Akiwa kwenye nyambizi inayosafiri chini ya maji, hata ujumbe wenyewe unaweza kusubiri.

Kwa safari ya Afrika lipo na suala la kibali. Mwanajeshi hatoki tu kwenda nchi ya kigeni likizoni. Kuna masharti ya kila nchi, na kikosi kinayakagua. Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri ni maeneo ambayo serikali ya Marekani inawaonya raia wake wasiende kabisa. Kamanda anaweza kukubali likizo na kukataa safari ya huko. Familia nyingine hukutana nje ya eneo hilo. Inauma, lakini heri kulijua kabla ya kununua tiketi isiyorudishwa. Fedha zikiwa ndizo kikwazo, kuna shirika la Navy-Marine Corps Relief Society, la tangu 1904, linalotoa mikopo isiyo na riba, na wakati mwingine msaada usiorudishwa. Anayeomba ni baharia, siyo mama.

Swali ambalo sijalimaliza moyoni: nani amwambie kwanza? Mwongozo ungependa apate habari kwa utaratibu, mbele ya mtu wa kumshika mkono. Kundi la familia la WhatsApp halina utaratibu. Saa tisa za usiku binamu ameshaweka "R.I.P." na picha ya mshumaa. Nilikuwa nikishauri watu wanyamaze mpaka ujumbe rasmi ufike. Siku hizi sishikilii sana, kwa sababu akisubirishwa halafu akajua kwamba wote walijua kabla yake, hilo nalo ni jeraha. Ila mwekeni mtu mmoja wa kumwambia, kwa sauti, na huyo awe na namba ya kesi mkononi ampe palepale.

Mkikwama katikati, kila kikosi kina ombudsmani, mtu wa kujitolea anayeteuliwa na kamanda kuwa kiungo na familia. Utaratibu huo ulianzishwa na Admirali Zumwalt mwaka 1970. Hawezi kutoa likizo yeye naye, lakini anajua mlango upi ugongwe. Sharti ni kwamba kijana awe ameandikisha jina lako miongoni mwa watu wanaoruhusiwa kupewa habari. Akiwa ameoa na akamwandika mke tu, ombudsmani atakusikiliza kwa adabu zote na hatakwambia kitu. Basi kabla hajasafiri mwulize mambo mawili: ameniandika? Na pasipoti yake ya kawaida, ile ya kusafiria binafsi, inaisha lini?